Baba ameniuliza: "Mwalimu, huu mpira wa mikono una maisha?" Naleta jibu langu hapa

Mleta uzi, Busia (upande wa Uganda)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa michezo, nafundisha mpira wa mikono (handball). Jumapili iliyopita baba wa mchezaji wangu alikuja nyumbani. Ni mvusha mizigo hapa mpakani, mtu wa maneno machache. Alikaa, akakataa soda, akatoa simu akanionyesha ujumbe wa WhatsApp wa mtu anayejiita wakala. Huyo mtu anasema ameona video ya binti akicheza mashindano ya shule, na anaweza kumpatia timu Ulaya, ila kwanza baba atume pesa ya usajili na pesa ya viza. Ukizijumlisha ni bei ya ng'ombe wawili. Baba hakuniuliza kama huyo mtu ni tapeli. Aliniuliza, "Mwalimu, huu mpira una maisha?"

Nilimjibu nusu nusu. Jibu lenyewe nalibeba gotini na sikutaka kumtisha mzee wa watu. Ila tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa hiyo naliandika hapa lote, na nitampa mwanawe mkubwa amsomee.

Kwanza niwaambie kwa nini binti huyu anatafutwa. Ana miaka 16 na ni mashoto. Upande wa kulia wa ushambuliaji, winga wa kulia na beki wa kulia (kwetu beki naye hushambulia), unamtaka mashoto. Winga anarukia ndani kutoka kwenye kona ya uwanja. Mtu wa mkono wa kulia akiruka kutoka kona hiyo, mkono wake unabaki upande wa nje, na goli analiona kama mwanya wa mlango. Mashoto akiruka, mkono unaingia katikati na goli lote linamfungukia, mita 3 kwa 2. Mashoto ni wachache popote pale, na kocha yeyote akimwona mmoja mwenye kasi lazima amuulize anatoka wapi. Kwa hiyo wakala yule, hata akiwa mwongo, ameona jambo la kweli. Hapo ndipo uongo unapopata nguvu.

Sasa yangu. Nilizaliwa kambini, baba alikuwa askari. Ndiyo maana Kiswahili hakinisumbui kama kinavyowasumbua wenzangu wengi waliokulia Kampala. Kambini kwetu kulikuwa na Waacholi, Wagisu, Wateso, Walugbara, na lugha iliyotukalisha pamoja ni hii. Hata uwanjani afande wetu alifundisha kwa Kiswahili: "Rudi! Funga! Toa mapema!" Nilikuwa beki wa kushoto. Nilikuwa na mkono mzito, na nilijua kuruka.

Nikiwa na miaka 19, kwenye uwanja wa lami, nilipokea pasi, nikapiga hatua tatu, nikaruka juu ya mabeki wawili, nikafunga. Nilitua kwa mguu mmoja na goti likaingia ndani. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia "tak", na kipa wao aliyekuwa mita tano mbele yangu akasikia pia, kwa sababu alishika mdomo. Kufika magharibi goti lilikuwa limevimba mpaka suruali ya trakisuti haipiti. Nilipelekwa hospitali kwa boda, mguu umenyooshwa kando kama ubao. Nikafungwa bandeji, nikaambiwa nimeteguka, nipumzike wiki mbili. Baada ya wiki mbili nikarudi uwanjani, kwa sababu kulikuwa na mechi na timu ilinihitaji. Goti likaachia tena. Nikarudi tena. Ulipopita mwaka ndipo nilipopata kipimo cha MRI: kano ya mbele ya goti imekatika kabisa, na gegedu limechanika kwa vile nililikanyagia mwaka mzima. Hapo mpira wangu uliishia.

Kwa hiyo baba akiuliza kama mpira una maisha, mimi nasikia maswali mawili: kuna pesa? Na mwili utafika?

---

Mleta uzi, inaendelea

Pesa ipo, ila haipo hapa. Iko Hungary, Romania, Ufaransa, Denmark, Norway, Ujerumani. Huko mwanamke anacheza mpira wa mikono kama kazi, ana mkataba, ana daktari wa timu, anafanya mazoezi asubuhi na jioni. Ligi ya Mabingwa ya wanawake ina watu wanaojaza ukumbi. Lakini naomba mtazame maisha yao kwa karibu, maana picha za medali hazionyeshi siku za hospitali.

Cristina Neagu wa Romania, aliyezaliwa 1988, amekuwa mchezaji bora wa dunia mara nne: 2010, 2015, 2016 na 2018. Tazameni pengo kati ya 2010 na 2015. Katikati pale bega lake liliharibika, akakaa nje muda mrefu kiasi cha watu kuanza kumzungumzia kama mtu aliyepita. Akarudi. Mwaka 2015 akachukua Ligi ya Mabingwa na Budućnost ya Montenegro. Halafu Desemba 2018, kwenye mashindano ya Ulaya kule Ufaransa, goti likakatika. Akarudi tena. Nora Mørk wa Norway amepasuliwa magoti mara nyingi, na mwaka 2024 alikuwemo kwenye kikosi kilichochukua dhahabu ya Olimpiki.

Na kuna Katrine Lunde, kipa. Fainali ile ya 2024 Norway waliifunga Ufaransa 29 kwa 21, na Lunde alikuwa golini akiwa na miaka 44. Dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki aliipata Beijing 2008. Nahodha wa timu hiyo hiyo, Stine Bredal Oftedal, alistaafu siku ile na miaka 32, akiwa kileleni, kwa hiari yake.

Nawataja kwa sababu baba anahitaji kujua miaka. Mchezaji asiye kipa akiwa na bahati anapata miaka kumi hadi kumi na tano ya kulipwa. Baada ya hapo ana miaka thelathini na kitu na maisha yote yako mbele.

Na mkataba haumaanishi usalama. Oltchim ya Romania ilikuwa moja ya timu kubwa za wanawake Ulaya, na Neagu alikuwa pale. Mwaka 2013 kiwanda cha kemikali kilichokuwa kikiibeba kilikwama kwa madeni, na wachezaji wakatawanyika. Vipers Kristiansand ya Norway walichukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2021, 2022, 2023. Januari 2025 klabu ikafilisika katikati ya msimu. Fikiria ni binti wa Busia yuko kule kwenye theluji, kibali chake cha kuishi kimefungwa na mkataba wa klabu, na klabu haipo tena.

---

Mchangiaji, Arua

Mwalimu, pole kwa goti. Mimi naona jibu liko karibu zaidi. Peace Proscovia ni mtoto wa huku kwetu West Nile. Alianza netiboli kama wengine wote, akaenda kucheza Loughborough Lightning kule Uingereza, baadaye Australia. Nakumbuka watu walivyobeza, eti netiboli ni mchezo wa shule. Kisha She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza nafasi ya 5 Kombe la Dunia Cape Town 2023. Mbona netiboli wameweza?

---

Mleta uzi

Kaka wa Arua, asante. Mfano huo ni mzuri, na mimi huutumia darasani. Lakini netiboli ilikuwa na kitu ambacho sisi hatujakipata: timu ya taifa ilionekana kwanza. She Cranes walicheza Kombe la Dunia Sydney 2015, dunia ikawaona kwenye televisheni, milango ikafunguka. Kwenye mpira wa mikono Uganda ya wanawake haijawahi kufika Kombe la Dunia. Makocha wa Romania hawawezi kumwona binti wetu.

Tazameni Angola. Walianza kuchukua ubingwa wa Afrika mwaka 1989 na tangu hapo wameuchukua zaidi ya mara 15. Mwaka 2007 walimaliza nafasi ya 7 duniani. Rio 2016 walifika robo fainali ya Olimpiki. Wana klabu mbili pale Luanda, Petro na Primeiro de Agosto, zinazogombana mwaka mzima na kulea wachezaji tangu wakiwa wadogo. Ndiyo maana mtu kama Albertina Kassoma, anayecheza kwenye mstari wa mita sita katikati ya mabeki, mahali pa kugongwa kuliko pote, aliweza kutoka pale akaenda kucheza Romania.  Kabla ya hapo alikuwa tayari amevaa jezi ya Angola.

---

Mchangiaji, Kampala

Dada, niwe mkweli. Mimi pia nina binti. Umetoa mifano ya Wazungu na Waangola. Hapa Uganda hata mpira wenyewe shule nyingi hazina. Kwa nini usimwambie huyo baba amwache mtoto asome, mpira aucheze Jumamosi?

---

Mleta uzi

Swali lako ni la mzazi na nalichukua kwa uzito. Ila jueni hali ilivyo: kwa wasichana wengi wa hapa, mpira ndio unaowaweka shuleni. Nina wanne kwenye timu yangu wanaosoma kwa basari ya michezo. Ukiwaondolea mpira umewaondolea darasa. Shule hutafuta wachezaji kwa ajili ya mashindano ya taifa na ya FEASSSA, ambako shule za Afrika Mashariki hukutana, na mtoto wa familia isiyo na ada anapata kitanda, daftari na chakula. Kisha chuo kikuu kinaweza kumchukua. Ndejje kwa mfano wana jina katika michezo. Huo ni mlango wa kweli, na sijawahi kuudharau.

Kasoro yake ni kwamba mlango huo unalipiwa na goti la mtoto. Shule inayompa basari inataka kombe mwaka huu. Nimeona binti anacheza mechi mbili kwa siku, siku tano mfululizo, juu ya saruji, goti limefungwa kitambaa, na mkubwa wa shule yuko pembeni anamhimiza. Haya nimeyaona kwa macho yangu na yananiuma hadi leo, kwa sababu wakati ule nilikuwa msaidizi na nilinyamaza.

---

Afande mstaafu, Gulu

Mwalimu, salamu. Nimecheza na kufundisha kwenye timu za jeshi. Umesahau mlango mmoja ambao wewe mwenyewe umekulia ndani yake. Timu za UPDF, yaani jeshi letu, na Magereza huajiri wachezaji. Binti akiingia, ana mshahara wa askari, ana mahali pa kulala, ana matibabu. Mpira ukiisha, kazi bado ipo. Nawajua wanawake waliocheza, leo wana vyeo na watoto wao wamemaliza chuo. Hiyo Ulaya sijaiona, lakini hii nimeiona.

---

Mleta uzi

Afande, heshima yako. Sikuusahau, nilitaka mtu mwenye mamlaka zaidi yangu auseme. Ni kweli kabisa. Nikiulizwa ni wapi mchezaji wa kike wa Uganda anaweza kuishi kwa mpira wa mikono leo, sio kesho, nitasema huko. Tofauti ni moja tu: pale unalipwa kwa uaskari, na mpira unaucheza ukiwa askari. Binti asiyetaka sare na gwaride asilazimishwe kwa sababu ana mkono wa kushoto.

---

Mama wa mchezaji, Bombo

Assalaam alaykum. Mwanangu ni kipa, miaka 14, anavaa hijabu. Baba yake anahofia kwamba akipanda ngazi ataambiwa avue. Mwalimu unasemaje?

---

Mleta uzi

Wa alaykum salaam, mama. Kanuni za mchezo zinaruhusu kitambaa cha kichwani, sharti kiwe cha kitambaa laini kinachovutika, bila pini. Kinachomsumbua kipa ni ile ya kawaida inayofungwa kwa pini, ikikamatwa inachoma. Mshonee ya kuvaa kwa kichwa kama soksi. Kipa pia anaruhusiwa suruali ndefu, kwa hiyo nafasi yake ni nzuri.

Watu wanachanganya na mpira wa mikono wa ufukweni. Mwaka 2021 kule Bulgaria wanawake wa Norway walipigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptura fupi badala ya bikini. Dunia ikapiga kelele, na mwaka huo huo kanuni ikabadilishwa. Wanawake wale walijua watatozwa na bado wakavaa kaptura zao. Mwambie baba yake habari hiyo.

---

Mleta uzi, kuhusu wakala

Wengi mmenitumia ujumbe wa faragha mkiuliza hili, kwa hiyo nalisema hadharani.

Klabu ya kweli haimwombi mzazi pesa. Klabu ikimtaka mchezaji wa nchi nyingine, inaandikia klabu yake au shirikisho. Uhamisho wa kimataifa una cheti, na cheti hicho hupita kati ya mashirikisho ya nchi mbili. Zaidi ya hapo, kanuni za dunia zinasema klabu iliyomlea mchezaji kati ya miaka 16 na 23 ina haki ya fidia ya malezi anapokwenda kucheza kama mtaalamu nje. Yaani pesa inatoka kule kuja huku. Mtu anayekwambia pesa itoke huku kwenda kule amegeuza njia. Baba, kama unasomewa haya, usiuze ng'ombe.

Na binti wa miaka 16 asivuke mpaka wowote na mtu ambaye mwalimu wake hamjui. Hili halina mjadala.

---

Mchangiaji, Tororo

Mwalimu, umetueleza goti linavyoharibika. Tueleze basi linavyolindwa. Mimi nafundisha shule ya msingi, sina hata kocha msaidizi.

---

Mleta uzi

Swali hili ndilo nililokuwa nalingoja.

Magoti mengi kwenye mchezo wetu hayakatiki kwa kugongwa. Yanakatika mchezaji akiwa peke yake, anapotua kwa mguu mmoja au anapokanyaga ili kumchenga beki. Msichana yuko kwenye hatari mara mbili au zaidi ya mvulana anayecheza mchezo huo huo. Kwa mwalimu kama wewe na mimi sababu ya kuangalia ni hii: goti la msichana linapotua hupenda kuangukia ndani, kuelekea goti jingine.

Wanorway walilifanyia kazi. Walichukua klabu 120, vijana 1,837 wa miaka 15 hadi 17, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja likafanya mazoezi maalumu ya dakika 15 hadi 20 kabla ya mpira kwa msimu mzima, jingine likaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2005: majeraha ya magoti na vifundo kwenye kundi la mazoezi yalipungua kwa karibu nusu. Nusu, wadau. Bila dawa na bila mashine kubwa.

Mimi nafanya hivi. Wanakimbia wakibadili mwelekeo, taratibu kwanza. Halafu wanaruka na kutua kwa miguu miwili, nami nasimama mbele yao nikiangalia kitu kimoja tu: goti liwe juu ya vidole vya mguu, lisiingie ndani. Nimechora mistari miwili ya chaki chini ili wajione wenyewe. Kisha wanasimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kisichotulia huku wakirushiana mpira. Wanorway walitumia ubao wa kuyumba. Mimi nimekunja godoro kuukuu la bwenini na kulifunga kwa kamba ya katani. Mwisho ni misuli ya nyuma ya paja: binti anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anashuka mbele polepole mpaka mikono iguse chini. Wiki ya kwanza wote wanaanguka kama miti. Wiki ya sita wanashuka kwa kuhesabu tano.

Mpira pia. Namba 2 ndiyo ya wanawake, mzunguko wa sentimita 54 hadi 56. Msimpe binti wa miaka 13 mpira wa wanaume kwa sababu ndio uliopo stoo. Kiganja hakiushiki, anaurusha kwa bega, na bega linaanza kufa kabla mchezo haujaanza.

Na goti likivimba ndani ya saa chache baada ya mlio, hiyo sio kuteguka mpaka kipimo kiseme hivyo. Asirudi uwanjani. Hata kama ni fainali na mkuu wa shule amenuna.

---

Mleta uzi, mrejesho baada ya siku nne

Baba amesomewa uzi wote. Alikuja jana jioni uwanjani, akasimama chini ya mwembe na baiskeli yake. Tulikubaliana mambo matatu. Binti anamaliza kidato cha sita. Hatacheza zaidi ya mechi moja kwa siku, na barua ya hilo nimeiandika mimi, ameiweka dole gumba, iko kwa mkuu wa shule. Akifika miaka 18 tutakaa tena, yeye, mama yake, binti na mimi, tuzungumze kuhusu chuo, majeshi, au huko mbali, kwa kupitia shirikisho.

Namba ya wakala ameifuta mbele yangu. Alipomaliza akaniuliza kama hilo godoro linatosha au alete jingine, kwake lipo.

Binti alikuwa kwenye mistari ya chaki. Alikuwa na miruko ishirini ya kufanya. Ule wa kumi na saba goti la kushoto likaingia ndani kidogo. Sikusema kitu. Alitazama chini, akaona mwenyewe, akarudi nyuma akauanza upya.